Kikohozi cha Kifaranga

Walikwenda kulichukua gari jioni, jua likizama, kwa sababu Mama Dobi hakupata ruhusa mapema. Siku hiyo alikuwa amefua mashuka sitini ya hospitali, na vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kama vya maiti. Safari yenyewe haikuwa ya starehe. Kifaranga, kitindamimba wake wa miaka sita, alikuwa na kifua kibovu tangu azaliwe. Kikohozi chake kilikuwa na namna yake: viwili vikavu, kimya, kisha kimoja kirefu chenye mluzi mwishoni. Hata katikati ya watoto mia, mama yake angekitambua.

Daktari alishauri mtoto apelekwe milimani siku nne, akavute hewa kavu. Baba watoto, dereva wa lori, ndiye aliyezua wazo la kukodi gari-nyumba: vitanda, jiko, sinki na choo, vyote juu ya matairi. Aliwaambia watoto kwamba sasa watakuwa konokono, nao wakacheka mpaka Kifaranga akapaliwa.

Mwenye gari alikuwa mjane mfupi, mwenye maneno machache. Aliwaonyesha jiko la gesi, tangi la maji, ngazi ya kukunja, kisha droo moja baada ya nyingine. Droo ya chini kabisa, kando ya kitanda cha nyuma, aliipita. Mama Dobi aliona. Lakini mtu aliyechoka haongezi maswali.

Kwenye fomu mjane aliuliza idadi yao.

"Wanne," baba watoto akajibu.

"Basi mtarudi wanne." Neno hilo hakulisema kama anayewaombea heri. Alilisema kama anayesoma kilichoandikwa.

Siku ya pili, wakipanda mlima, ukungu ulishuka mchana kweupe na baridi ikaingia hadi kwenye vijiko. Hapo ndipo Mama Dobi alipokumbuka kwamba sweta la Kifaranga lilibaki kambani nyumbani. Dobi mzima, anafua vya watu, cha mwanawe anakisahau kambani. Akapekua kila mahali. Mwishowe akaivuta ile droo ya chini.

Ndani mlikuwa na sweta moja tu. La kijani, limefumwa kwa mkono, la mtoto wa miaka sita hivi. Akalinusa, kwa mazoea ya kazi. Halikunuka jasho, wala sabuni, wala uvundo. Lilinuka kama chumba kilichofungwa miaka mingi...

...na mtu akiwa ndani.

Baba watoto, mikono kwenye usukani, alitania kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Mama Dobi akamjibu kwamba matako hayakohoi.

Aliligeuza nje ndani. Usawa wa moyo palikuwa na mafundo saba ya uzi mweusi, ncha zikining'inia. Kazini kwake nyuzi kama hizo hukatwa kabla nguo haijakabidhiwa. Akachukua mkasi. Moja. Mbili. La saba lilikuwa gumu, akalikata kwa kubana meno. Kisha akafungua dirisha na kuyatupa yote kwenye ukungu.

Kifaranga akavaa. Sweta likamkaa kana kwamba alipimiwa.

Kikohozi kikakoma.

Saa nzima, kimya. Saa mbili. Mtoto akala mabakuli mawili ya uji bila kubembelezwa, na Mama Dobi, ambaye hakuwa mtu wa machozi, alijifuta macho kwa upindo wa kanga akisingizia mvuke wa sufuria. Ni binti yake mkubwa aliyemsogelea na kumnong'oneza.

"Mama... amepanda kitanda cha juu, akawasha taa."

"Sasa?"

"Swichi iko nyuma ya ubao. Sisi hatukujua kama kuna taa."

Jioni walisimama kando ya barabara. Baba watoto alishuka kukagua matairi, binti mkubwa akamfuata kumshikia tochi. Mama Dobi alikuwa anaosha bakuli. Kifaranga alikaa mezani, akimtazama.

Viwili vikavu.

Kimya.

Kimoja kirefu... chenye mluzi mwishoni.

Mama Dobi akageuka. Kifaranga alikuwa amefumba mdomo. Alikuwa anatabasamu.

Kikatoka tena. Chini. Kando ya kitanda cha nyuma.

Akapiga magoti, akaivuta droo. Tupu. Akaingiza mkono hadi kwapani. Mbao zilikuwa na joto, kama godoro ambalo mtu ametoka kuamka sasa hivi. Na kikohozi kilitoka mbele zaidi, mahali ambapo hapakuwa na mahali, maana nyuma ya droo ile palikuwa na tairi tu, na barabara.

"Mama..." sauti ya Kifaranga ikanong'ona humo ndani. "Baridi."

Na kutoka mezani, kwa sauti ileile:

"Mama, funga droo. Upepo unaingia."

Alimvua sweta yule wa mezani. Mwili ulikuwa wa Kifaranga, hata kovu la chanjo. Alilirudisha sweta kwenye droo, akaita jina la mwanawe mpaka sauti ikamkauka. Hakuna kilichobadilika. Ndipo akampigia simu mjane.

Mjane hakushangaa. Aliuliza tu mafundo aliyakata mangapi.

"Yote."

Kisha akaeleza, taratibu, kwamba mwanawe ndiye aliyetangulia kuingia humo. Yule aliyetoka badala yake, mjane alimlea miaka mitatu, hadi alipompata mtu wa kumfunga kwenye sweta kwa yale mafundo saba. Alifungwa. Lakini mtoto hakurudi.

"Sasa kwa nini unawakodisha watu wenye watoto?"

"Wangu alikuwa peke yake humo," mjane akasema, na simu ikakatika.

Walirudi wanne. Daktari aligonga kifua cha Kifaranga, akakisikiliza, akaisifu milima. Baba watoto anaamini mkewe amechoka, basi. Binti mkubwa siku hizi analala sebuleni.

Kila Jumamosi akitoka kazini, Mama Dobi hupitia kwa mjane. Hawasalimiani. Hufunguliwa gari, hulala chali sakafuni, sikio kwenye droo. Amekwisha kufunga mafundo ya kila namna kwa uzi mweusi, lakini yule aliyemfungia mjane yale saba alikufa zamani. Yale yenyewe yako mlimani, kwenye ukungu, alikoyatupa kwa mkono wake.

Husikiliza. Kila wiki mluzi unazidi kufifia.

Jumamosi iliyopita alisikia viwili vikavu. Akangoja cha tatu. Akangoja mpaka mjane akaja na ufunguo, akasimama mlangoni.

Alipofika nyumbani, meza ilikuwa tayari, sahani nne zimepangwa vizuri.

"Umechelewa, mama," Kifaranga akamwambia.

Mama Dobi akanawa mikono, akakaa, akala.