Mstari wa Mzee Kitonga

Aliyewakutanisha ni mbuzi. Soko la Mwingi lilikuwa limejaa, malori yakipiga honi, na Muthoki, ndani ya rinda la manjano, alikuwa anachagua nyanya pale mbuzi mmoja alipoanza kumtafuna pindo. Kivuva, dereva aliyewaleta mbuzi hao sokoni, akaruka kutoka kwa lori.

"Samahani, mrembo. Huyu anapenda vitu vizuri."

"Na wewe?"

"Mimi na yeye tumelelewa pamoja."

Hapo mambo yakaanza. Simu asubuhi, simu mchana, na za kuuliza tu kama umekula. Wakagundua hata watoto wanaowalea wako shule moja: Kivuva mpwa wake, Muthoki mdogo wake Kaveke.

Kwa shule hiyo wazazi huleta mahindi na maharagwe ya chakula cha mchana. Mwenyekiti wao, Mzee Kitonga, tajiri wa malori, akataka mtoto ambaye kwao hawajaleta kitu arudishwe nyumbani saa sita. Muthoki alijua mtoto kama huyo huko nyumbani hapati kitu, na darasani harudi. Akagombea kiti cha Mzee.

Kura ilikuwa ya kupanga mstari nyuma ya unayemtaka. Muthoki akageuka kuona watu wake. Wachache. Kivuva, shati jeupe lililopigwa pasi, alikuwa nyuma ya Kitonga, akisoma viatu vyake kama gazeti.

Jioni akapiga simu. "Mpenzi..."

"Mpenzi wako ana kitambi na malori."

"Lori lake ndio kazi yangu, Muthoki. Ningesimama kwako, leo sina kazi."

"Kila mtu kwa ule mstari ana lori lake. Mwingine Mzee amemlimia shamba, mwingine amempa duka. Hao nawaelewa. Wewe nilikungoja." Akakata.

Siku ya kuthibitisha matokeo Kivuva akasimama mbele ya wazazi. Akaomba kura irudiwe, kila mzazi aingie stoo peke yake, atie punje moja kwa sufuria: hindi ni Muthoki, haragwe ni Mzee. Kitonga hakubishana. Alinyoosha mkono tu, na Kivuva akampa ufunguo wa lori.

Watu waliona. Kina mama wa nyuma wakaanza kunong'ona, kisha kuongea, mpaka mwalimu mkuu akakubali.

Sufuria ilipomwagwa mezani, maharagwe ilibidi yatafutwe kama hereni iliyopotea.

Punje zote, hata za Mzee, zikaingia chunguni na chakula kingine. Foleni ya kupakuliwa ikapangwa, watoto mbele, Kaveke akiwa na sahani kubwa kuliko kichwa chake. Kivuva akaja taratibu, Kitonga akimtazama, akasimama nyuma ya Muthoki.

"Umechelewa," Muthoki akasema bila kugeuka.

"Najua. Na sina lori tena."

"Kwani nilipenda lori?" Akarudisha mkono nyuma, akamshika kidole. "Ukipata kazi, ulete kwetu mbuzi wa posa. Uanze na yule aliyekula rinda langu."

Kivuva akasogea karibu. "Yule alishachinjwa, mpenzi."

"Basi lete ndugu zake," Muthoki akasema. "Mmoja namjua. Amesimama nyuma yangu."