Sauti ya Albino Kwenye Kanda

Fortunato alikutwa asubuhi, kifudifudi, kati ya kabati la kanda na meza ya mashine. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Spana ya jenereta ilisukumwa chini ya meza. Ilikuwa imefutwa, lakini damu ilibaki kwenye meno yake.

Inspekta Lagu alichuchumaa akatazama bila kugusa. Mwaka ule wa 2017 Juba ilizika watu wengi ambao hakuna aliyeuliza waliuawa na nani. Huyu, alijiambia, ataulizwa.

"Nani alimwona kwanza?"

"Mimi, afande." Alikuwa Keji, fundi mitambo wa ile redio ndogo ya kanisa. Marehemu alikuwa mtunza kanda wa redio hiyo.

"Kimeibwa nini?"

"Laptopu moja. Ile mbovu. Nzima iko pale."

"Mwizi gani anaacha nzima anabeba mbovu?"

Keji alikuwa akiitazama mashine ya kuhifadhia rekodi za kompyuta. Ndani yake mlikuwa na kanda ya akiba, ya rekodi za mwaka uliopita. Siku ya kuhifadhi haikuwa imefika, kwa hiyo haikupaswa kuwa humo. Na jenereta ilikuwa imezimika kwa kukosa dizeli, kwa hiyo kanda ilikwama humo humo. Bila umeme haitoki.

Mjane alifika kabla maiti haijapelekwa mochwari. Walimwita Mama Konga. Hakupiga yowe. Alimwomba Lagu watoke nje.

"Jenabu, mume wangu aliisikia sauti ya ndugu yake."

"Ndugu yupi?"

"Albino, ndilo jina lake la ubatizo. Alipotea kwenye vita ya mwaka jana, barabara ya Nimule. Mama yao hajamlilia mpaka leo. Anasema hawezi kulilia mtu ambaye pengine anatembea. Fortunato alikuwa anapanga kanda, akaisikia. Akasema atampelekea mama Jumapili."

"Ilisema nini?"

"Hakuniambia. Alisema kwanza aongee na Ustaz Gune." Akajifunga leso upya kiunoni. "Mimi iko na maiti moja leo. Nipatie na ya pili, jenabu, tulie zote pamoja."

Gune alikuwa mtangazaji wa kipindi cha salamu, mtu ambaye sauti yake ilijulikana hadi kambi ya Mangateen. Aliketi mbele ya Lagu macho yakiwa mekundu.

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Gumbo, kwangu. Nilirekodi salamu za akina mama wa sokoni, nikalala."

"Hukuvuka daraja kurudi kazini?"

"Sikuvuka. Salamu zenyewe bado ziko hapa." Akapigapiga kinasa sauti mfukoni.

"Hakuna mwingine aliyezisikia?"

"Azisikie nani? Hata Keji sijampa."

"Albino ulimjua?"

"Tumekua pamoja ukimbizini Adjumani. Mama yao ananiita mwanangu."

"Alisafiri na wewe ile Julai ya vita?"

"Wallahi nimechoka na swali hili! Hakuwa kwenye gari langu."

Lagu alimchukua mpaka kituo cha redio. Dizeli ilipatikana, jenereta ikanguruma.

"Kama mtu amerekodi juu ya kanda hii," Lagu alimuuliza Keji, "ya zamani yamekwenda?"

"Hayajaenda, afande. Kanda mpya zinatoka Kampala, na malori yanashambuliwa njiani. Kwa hiyo Fortunato aliipanga mashine isifute kitu. Ukiiwekea kazi mpya, inakwenda kwanza mpaka mwisho wa yaliyomo, ndipo inaanza kuandika. Tunajaza kanda mpaka basi."

"Soma kilichoingia mwisho."

Kanda ilizunguka muda mrefu. Kisha chumba kikajaa makelele ya soko, na mwanamke akacheka: "Ustaz Gune, leo umekuja Gumbo na shati bila pasi! Haya, namsalimu shangazi Nimule..."

Gune aliinamisha kichwa.

"Hizo ndizo salamu zilizo mfukoni mwako?" Lagu aliuliza.

"Lakini ile nyingine si imefutika? Nimerekodi juu yake!"

Lagu alielewa. Naye alikulia Adjumani. Kule walitumiana kaseti badala ya barua. Anayejibu alirekodi juu ya maneno ya mwenzake, na kaseti ile ile ikarudi ilikotoka.

"Hii si kaseti, Ustaz," Keji alisema taratibu, akairudisha kanda nyuma.

"Mama, ni mimi Albino. Usihangaike. Kesho natoka na Gune. Amenipa kiti cha mbele, anasema mimi mnene nitavunja vya nyuma. Nikifika nitatuma neno."

Salamu ile haikutangazwa. Jioni ile ile iliporekodiwa bunduki zilianza, na redio ikafungwa.

"Mlifika wapi?" Lagu aliuliza.

"Nesitu." Sauti iliyozoeleka redioni ilikuwa imekauka. "Wenye silaha walitusimamisha. Wakamshusha. Wakaniuliza, huyu ni nani wako? Nikasema simjui, kaniomba lifti. Wakaniambia endesha. Alikuwa ananiita kwa jina, afande. Niliendesha."

"Yuko wapi?"

"Mbele kidogo ya kalvati, upande wa mto. Nilirudi nikamfukia kwa mikono yangu. Kisha nikaenda kwa mama yake, nikala chakula chake, nikasema sikumwona."

"Na Fortunato?"

"Alitaka nimwambie mama mimi mwenyewe. Nilimsihi afute, akakataa. Akasema, twende wote Jumapili, sitakuacha peke yako. Akanigeuzia mgongo arudishe kanda kabatini." Gune alifunika uso. "Ningestahimili matusi. Yale yalinishinda."

"Kwa nini hukuichoma?"

"Ingekosekana, mngejua mwizi alifuata nini. Nilitaka niirudishe mahali pake. Umeme ukakatika, nikabeba laptopu ionekane wizi."

Lagu alimfunga pingu.

Walipomzika Albino upya, kando ya ndugu yake, Lagu alipeleka nakala ya sauti nyumbani. Mama mzee aliisikiliza mpaka mwisho. Aliposimuliwa ya Nesitu, akauliza ni nani aliyesema hamjui mwanawe, na Lagu hakumficha.

Ndipo kilio kilipomtoka. Alimwita Albino, akamwita Fortunato. Na kabla wanawake hawajamshika, akamwita na Gune pia, kwa sauti ile ile.