Gamba la Samaki kwenye Soketi

Maiti ya Duarte Salsinha ilitupwa na wimbi kwenye mchanga wa Nazaré, pwani ya Ureno, mbele ya mji mzima. Pikipiki yake ya maji ilifuata nyuma, imepinduka.

Kazi ya Duarte ilikuwa kuwaokoa wachezaji wa mawimbi, wale wanaoteleza juu yake kwa ubao: kuingia kati ya mawimbi mawili, kumnyakua mtu, kutoka. Waliokuwa juu ya mwamba walishuhudia yote. Injini ilikohoa, ikazima. Akabonyeza swichi tena na tena, mpaka wimbi likamfunika.

Inspekta Leonor Bastião wa Polisi wa Bahari alimjua marehemu tangu utotoni. Alipima, akapiga picha, akaandika. Kulia alilia baadaye, ndani ya gari, vioo vimefungwa.

Mji ulikuwa umeshatoa hukumu: ni Valdemar, fundi wake. Nazaré kila mtu ni hakimu akishapiga glasi mbili. Mwendesha mashtaka naye alitaka fundi ashtakiwe kwa kuua bila kukusudia.

"Uliikagua lini?" Leonor alimuuliza, wamesimama karakanani kando ya pikipiki.

"Jumamosi, afande. Betri, plagi, koili, kila kitu."

"Mbona ikazima?"

"Sijui. Na usinitazame hivyo. Duarte alikuwa ndugu yangu."

"Ndugu gani anauawa na uzembe wako?"

Valdemar aliinamisha kichwa. Leonor alijuta papo hapo.

Walianza upya pamoja. Betri ilikuwa na chaji. Plagi zilikuwa nzima. Ikabaki soketi ya nyaya za koili, ile inayopeleka moto kwenye plagi. Nje ilikuwa safi, imepakwa grisi. Valdemar akaifungua, akaguna. Kutu ya kijani ilikuwa imezila pini zote.

"Hii si kazi yangu. Grisi niliyotia ndani imepanguswa."

"Labda maji ya bahari yameingia."

"Yapitie wapi? Mpira wa kuzuia maji mzima, huu hapa."

"Sasa iliwakaje gatini?"

"Pini zilikuwa bado zinagusana kidogo. Ikishatikiswa na mawimbi, umeme unakatika. Novemba niliikuta kutu kama hii. Siku ile ilikataa kuwaka kabisa. Nikasafisha, nikailaumu bahari."

Katikati ya ukijani kulikuwa na kitu kinachong'aa. Leonor alikitoa kwa kibano. Hakuhitaji maabara, mama yake mwenyewe alikuwa mkausha samaki. Lilikuwa gamba. Bahari haiwezi kupenyeza gamba ndani ya soketi iliyofungwa. Lakini maji ya chumvi ya kulowekea samaki yamejaa magamba.

"Pikipiki ilikuwa inalala wapi?"

Valdemar alielewa kabla hajajibu.

"Kwao, uani kwa mama yake," alisema. "Usiende, afande. Nitasema nilisahau kuifunga vizuri. Niandike mimi."

"Funga mdomo wako, Valdemar," Leonor alisema.

Mama Albertina, mama yake Duarte, alikuwa akigeuza samaki kwenye vichanja vya waya. Alivaa nyeusi tangu bahari imchukue mumewe. Sasa hakuwa na nguo nyeusi zaidi ya kumlilia mwanawe.

"Mama, nani alikufundisha kufungua soketi?"

Hakugeuka. "Wenyewe, Duarte na Valdemar. Walikuwa wakitengeneza hapa hapa, wanapigiana kelele. Bonyeza huku, vuta kule. Mimi si kipofu."

"Na maji?"

"Ya ndoo hii ya kulowekea samaki."

"Valdemar angefungwa, Mama."

"Nilikuwa nakuja kwako, mwanangu. Miguu ilikataa."

"Kwa nini ulifanya hivi?"

Aliweka samaki chini.

"Novemba nilitia, ikagoma kuwaka. Akarudi amenuna, akala hapa, akalala mpaka jioni. Wenzake wote baharini, wangu yuko ndani! Nikasema, kila wakitangaza mawimbi makubwa nitatia, mpaka aichoke. Sikujua kwamba inaweza kuwaka kwanza, imfikishe kule, ndipo izime."

Leonor alishika pingu, akazirudisha. Alimshika mkono tu.

"Mama, twende."

"Walipopiga mayowe juu ya mwamba, nilikuwa jikoni," Mama Albertina alisema. "Nilijua atarudi na hasira na njaa, kama ile siku. Nilikuwa nimeshaweka sahani mbili."