Vitumbua vya Mwenye Jengo

Apa kwanza hutamwambia mtu, hata mumeo. Mie niliapishwa vilevile, na unaona mwenyewe ninavyokitunza kiapo.

Ni lile jengo la ofisi mjini Surabaya, walilojenga matajiri wa sukari enzi za Waholanzi: kuta nene kama za ngome, vioo vya rangi, matundu ya hewa kila ukuta, na ngazi ya marumaru inayoizunguka lifti ya kizimba cha chuma. Waliochimba msingi walifukia kichwa cha nyati kumpoza jini wa pale, Mwenye Jengo. Tangu hapo kila Alhamisi huwekewa sinia chini ya ngazi: yasmini, kahawa chungu, vitumbua, na udi unaofukizwa kando. Kazi hiyo ni ya Bibi Sarinten, mfagiaji.

Mwaka mmoja matundu yakaanza kunuka udongo mbichi. Sinia nalo likawa tupu kabla udi haujazimika. Meneja, Bwana Hendarto, akacheka kwamba jini wao ana tumbo la panya. Mkewe alikuwa kamkataza vitamu kwa ajili ya kisukari, lakini hilo mie sijalisema.

Alhamisi moja, alasiri ya mvua, Lastri wa mapokezi akapanda lifti. Ikakwama pale inapopenya sakafu nene ya juu: kulia ukuta, kushoto ukuta, na chini ya miguu nondo tu, ukumbi ukionekana kwa mbali. Akabonyeza, akatikisa chuma, akaita. Na ndani ya ukuta kitu kikaanza kujikokota, kikapanda taratibu, kikafika usawa wa sikio lake, kikapumua, na udongo ukamnukia hadi kooni, hata akaona aliyefukiwa ni yeye, si nyati, na jengo zima limemkalia kifuani.

Chini watu wakajaa. Fundi akashindwa. Bibi Sarinten akaleta sinia jipya, akaliweka chini ya ngazi.

"Ana njaa," akasema kwa sauti ya chini. "Kuna mtu anamlia chakula chake. Asipokula kabla ya adhana ya magharibi, atamchukua aliye kizimbani. Geukeni. Hatazamwi akila."

"Bibi, usiniache," Lastri akanong'ona.

"Tulia, mwanangu. Hata kupumua, pumua kidogo."

Wote wakageukia mlangoni. Lastri, huko juu, akasikia utafunaji. Akachungulia chini kati ya nondo.

"Bwana Hendarto," akasema, "hiyo ni roho yangu unayotafuna."

Wakageuka. Meneja kapiga magoti, kitumbua nusu kiko mdomoni, yasmini imenasa masharubuni. Na mkono wake, ungali juu ya sinia, umekamatwa kifundoni na mkono mwingine, mweupe kama chokaa, uliotokeza ukutani mpaka kwenye kiwiko.

Lifti ikashuka yenyewe. Lastri akatoka. Ule mkono haukuachia.