Sentensi ya Ijumaa

Jumapili asubuhi Tryphosa alikuwa akimenya ndizi za chakula cha mchana aliposikia honi ya lori barabarani. Aliijua honi ile. Akaweka kisu chini, akafuta mikono kwa leso, akaenda langoni.

Lori lilikuwa la Benta Ogola, mfanyabiashara wa Oyugis. Benta ndiye mnunuzi mkubwa wa kikundi cha wakulima wa ndizi cha Ekerenyo. Wanunuzi wengine huchukua mkungu mmoja, tena baada ya kubishana mpaka mtu achoke. Benta hujaza lori. Akikosa kuja, ndizi huivia kwenye stoo na kikundi kizima hulia.

"Mama Kemunto," Benta alisema bila hata salamu, "nimetoka kwa stoo yenu. Nimekuta mikungu tisa. Hii ni mara ya tatu. Mimi siwezi beba hewa mpaka Oyugis."

Tryphosa alishikwa na aibu. Akatoa simu, akafungua ukurasa wa kikundi. Juu kabisa palikuwa na maneno aliyoandika yeye mwenyewe: "Karibuni! Ndizi ni tele. Leo tuna mikungu 120 tayari Ekerenyo."

"Si hayo ndiyo nilisoma jana nikiita dereva?" Benta akauliza. "Wewe mwenyewe uliniambia nisisumbuke kupiga simu, nisome tu. Sasa sikiliza. Nikikosa tena Jumapili ijayo, nitaenda kununua Keroka. Usiniite tena."

Lori likageuka, likaondoka likiwa tupu.

Ukurasa ule huitwa dashibodi. Ni ukurasa wa kwenye simu unaoonyesha hali ya mauzo mahali pamoja. Tryphosa, ambaye ni katibu wa mauzo wa kikundi, alijifunza kuutengeneza katika mafunzo huko Nyamira. Nyuma ya ukurasa kuna jedwali. Ndizi zikiingia stoo, mwenye zamu hujaza idadi kwenye jedwali. Zikiuzwa, hujaza pia. Hapo hapo mchoro wa nguzo ulioko chini ya ukurasa hupanda au hushuka. Juu ya mchoro ndipo Tryphosa huandika maneno yake ya kuwaita wateja.

Tryphosa alijua wa kulaumiwa. Alikuwa Osoro, mwenzake wa zamu kwenye kikundi, nani tena? Tryphosa ni Msabato. Kila Ijumaa kabla jua halijatua huandika sentensi yake, huzima simu, na hagusi biashara mpaka Sabato iishe. Osoro ni Mkatoliki, kwa hiyo zamu ya Jumamosi ni yake. Jumamosi ndiyo siku wachuuzi wadogo humiminika stoo. Bila shaka Osoro aliuza ndizi zote akasahau kujaza jedwali. Watu wengine ukiwapa kazi ndogo namna hii, huifanya nusu.

Alimkuta Osoro akitoka misa na akamshukia hapo hapo, mbele ya watu. Osoro alimsikiliza mpaka akamaliza. Kisha akafungua ukurasa kwenye simu yake.

"Dada, tazama nguzo," alisema. "Inasema tisa. Nilijaza kila mkungu uliotoka. Maneno ndiyo yanasema mia na ishirini. Na maneno ni yako."

Tryphosa akageuka bila kuaga. Alirudi nyumbani amevimba kwa hasira, na hasira ya kujikasirikia haina pa kwenda. Sufuria zilijua siku hiyo. Mume wake Makori alijaribu kusaidia. Akapendekeza aandike upya Jumamosi jioni, Sabato ikiisha. Tryphosa akamwambia kwamba Benta humwita dereva Jumamosi mchana. Basi afute maneno, abaki na nguzo tu, Makori akasema. Tryphosa akamuuliza kama yeye mwenyewe amewahi kusoma nguzo hizo hata siku moja. Makori akakiri kwamba husoma maneno tu.

"Basi na Benta ni hivyo hivyo," Tryphosa alisema. "Watu wote ni hivyo. Sasa niache nipike."

Jioni alikwenda kwa jirani yao, Lorna, anayetengeneza matangazo ya kampuni moja ya majani chai mjini Kisii. Alimweleza yote, pamoja na mambo ya Osoro, ingawa sehemu hiyo aliifupisha. Lorna aliwasha kompyuta, akafungua ukurasa.

"Shida si Sabato wala Osoro," Lorna alisema. "Nguzo inasoma jedwali, ndiyo maana inabadilika. Maneno yako hayasomi chochote. Uliandika mia na ishirini kwa mkono siku ya Ijumaa, na yatasema mia na ishirini mpaka mkono wako urudi."

"Kwa hiyo nisiandike idadi?"

"Andika. Lakini usiiandike wewe. Acha jedwali liiandike."

Akamwonyesha. Maneno ya kawaida unayaandika ndani ya alama za kunukuu. Pale penye idadi, huandiki idadi. Unaandika jina la kisanduku cha jedwali ambamo jumla ya mikungu hukaa. Kisha unaunganisha maneno na kisanduku, viwe sentensi moja. Jumla ikibadilika, sentensi hubadilika pia, hata kama aliyeitunga amelala.

Tryphosa alijaribu mwenyewe. Alikosea mara kadhaa, akasonya, akasahau kufunga alama, kompyuta ikamgomea. Mwishowe sentensi ikatokea. Wote wawili wakaisoma: "Karibuni! Ndizi ni tele. Leo tuna mikungu 9 tayari Ekerenyo."

Lorna akaangua kicheko. Tryphosa hakucheka.

"Ndizi ni tele, mikungu tisa," alisema. "Benta akisoma hii atafikiri nimerukwa na akili."

Lorna alimwambia kwamba wengi hukwama hapo. Huunganisha idadi, wakasahau kwamba neno kama "tele" nalo ni habari, nalo huzeeka. Basi wakaiwekea sentensi masharti. Mikungu ikiwa themanini au zaidi, sentensi iseme ndizi ni tele. Ikiwa chini ya hapo, iseme zimebaki chache, lete gari dogo. Ikiwa hakuna kabisa, iseme hivyo, bila kuona haya. Mwishoni wakaongeza siku na saa ambayo jedwali lilijazwa mara ya mwisho, ili msomaji ajue habari ni ya lini.

Kisha wakajaribu. Tryphosa akajaza mikungu mia kwenye jedwali, sentensi ikasema tele. Akajaza sifuri, sentensi ikasema hakuna. Aliporidhika, akarudisha tisa, akaenda nyumbani. Njiani alipita kwa Osoro akamwomba radhi. Alimwambia kwamba amemkosea, na tena mbele ya watu. Osoro akamjibu kwamba yameisha, lakini Jumapili ijayo aje amsifu mahali pale pale.

Ijumaa iliyofuata stoo ilijaa. Tryphosa alizima simu kabla jua halijatua, bila kuandika chochote. Kesho yake kanisani hakuweza kutulia. Mchungaji alihubiri juu ya imani, na yeye alikuwa akiwaza kama Osoro amejaza jedwali, kama mtandao upo, kama Benta ameshamwita dereva. Walipotoka, Makori akamchokoza kwamba yeye anapumzika lakini sentensi yake inavunja Sabato. Tryphosa akamwambia asimwongezee presha.

Jumapili asubuhi alikuwa tena jikoni na ndizi zake. Hakusikia honi ya lori. Jua likapanda. Akajisemea kwamba basi, Benta ameenda Keroka, na kikundi kitamtafuna yeye.

Ndipo mtu akabisha lango. Nje palikuwa na pikapu ndogo, na nyuma yake mikungu kumi na minne imepangwa vizuri.

"Jana saa nane nilisoma zimebaki chache, mikungu kumi na minne, nilete gari dogo," Benta alisema. "Nikaacha lori nyumbani. Nimekuta hiyo hiyo kumi na minne. Ni nani aliandika, na wewe ulikuwa kanisani?"

"Hakuna aliyeandika. Osoro alijaza jedwali, maneno yakasoma."

Benta alitikisa kichwa, akafungua mlango wa pikapu. Alisema Jumatano atakuja na lori, ila atasoma kwanza. Kisha akakumbuka kitu, akashuka tena, akampa Tryphosa mkono.

"Nilisahau salamu," alisema, akamwamkia kwa Kikisii. "Bwakire buya, Mama Kemunto."