Gauni Lililofungwa kwa Barua

Kila mvua iliponyesha, fundi cherehani alipandisha miguu juu ya kopo. Si kwa maringo. Mfereji wa mbele ya kibanda chake ulikuwa umeziba, na maji yaliingia ndani bila kupiga hodi. Bahati yake cherehani ilikuwa ya kuzungusha kwa mkono. Alishona hivyo hivyo, magoti yakikaribia kidevu.

Halmashauri ilikuwa na msimamizi wa mifereji. Mtaani walimwita Bwana Kesho, maana ukimuuliza mfereji utazibuliwa lini, jibu lake lilikuwa hilo hilo. Fundi alimuuliza mara nne. Kisha siku moja maji yakalowesha shela la bibi harusi, na uvumilivu wa fundi ukaishia hapo. Alimwambia mumewe kwamba sasa anamwandikia mkubwa wa Bwana Kesho.

Mumewe alikuwa seremala, na mdomo wake haukujua likizo. Andika ni mwizi, alisema. Fundi akauliza, ameiba nini? Mume akasema aliona kwa macho yake vifuniko saba vya mfereji vikipakiwa kwenye gari. Kama hakuviuza, viko wapi? Fundi akaandika. Weka na ulevi, mume akaongeza, ili barua ichangamke. Fundi alikuwa hajawahi kumwona Bwana Kesho hata na chupa ya soda, lakini kalamu ilishapata moto. Akaweka na ulevi.

Sasa sikiliza kosa lake. Fundi huyu haandiki pengine ila kwenye karatasi ya kaki, ile anayochorea mikono na kola kabla ya kukata kitambaa. Aliandika mara tatu, hakuridhika. Ya nne ikampendeza, akaikunja ili aipeleke halmashauri kesho yake. Zile tatu akaziacha mezani, na karatasi inayobaki mezani huifungia nguo za wateja. Ndiyo mazoea ya mkono wake. Alasiri ile nguo tatu zilitoka, zimefungwa vizuri na uzi juu. Moja ilikwenda kwa muuza mkaa. Moja kwa mwalimu. Ya tatu, jamani, lilikuwa gauni la mke wa Bwana Kesho.

Asubuhi Bwana Kesho alisimama mlangoni, karatasi ya kaki mkononi. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha fundi.

"Mke wangu hajanitazama tangu jana," alisema. "Muuza mkaa kaniuliza vifuniko nauza bei gani. Nakupeleka mahakamani, fundi. Na safari hii sisemi kesho."

Akaondoka. Fundi akakaa juu ya kopo lake. Mahakama ikimwamuru kulipa, ana nini cha kuuza zaidi ya cherehani? Na bila cherehani, nyumbani watakula nini? Machozi yalimtoka.

Ndipo pazia la kupimia nguo likakohoa. Nyuma yake alikaa karani mstaafu wa mahakama. Alikuja kupunguziwa suruali, nayo ilikuwa bado mezani, kwa hiyo yeye alikuwa amejifunga shuka na hawezi kutoka. Alikuwa amesikia yote.

"Barua yenyewe umeshaipeleka halmashauri?" aliuliza kutoka humo humo.

"Bado, mzee wangu. Iko hapa."

"Nipitishie."

Fundi akaipitisha chini ya pazia. Karani akasoma, akaguna mara mbili.

Alimwambia kwamba kumwandikia mtu maneno ya kumvunjia heshima, yasiyo ya kweli, yakasomwa na wengine, huitwa kashfa. Fundi akalia kwamba basi mwananchi hana ruhusa ya kulalamika.

"Ruhusa unayo, na sheria inakukinga," karani alisema. "Lakini ni kinga yenye masharti. Mwandikie mwenye kazi ya kulishughulikia jambo. Andika unachokiamini kwa dhati. Usiandike kwa nia ya kumkomoa mtu. Ukifanya hivyo, hata ukikosea kwa nia njema, kinga inabaki. Haya, niambie. Muuza mkaa anaweza kuzibua mfereji?"

"Hawezi."

"Kwa nini basi apelekewe malalamiko? Na ulevi uliuona wapi?"

Fundi akasema waliutunga ili barua ichangamke.

"Hapo hata mbele ya mkubwa wake hukingwi. Uongo unaoujua mwenyewe hauna kinga. Andika ulichokiona. Usichokijua, kiulize. Hizo zilizotoka, zifuate na uombe radhi. Ila kwanza nishonee suruali yangu, nimechoka kukaa na shuka."

Fundi na mumewe walizunguka mtaa. Muuza mkaa alikuwa ameshawashia moto karatasi yake. Mwalimu alikuwa ameisahihisha kwa kalamu nyekundu na kuipa sita kwa kumi. Wote wawili waliambiwa wazi kwamba maneno yale hayakuwa na ushahidi. Kwa Bwana Kesho walipeleka radhi ya maandishi, na seremala akaisoma kwa sauti mbele ya mke wa Bwana Kesho. Bwana Kesho akasema vifuniko vilikwenda kuchomelewa, na wafanyakazi ameshawaomba mara tatu hajapewa. Aliona aibu kusema, ndiyo maana akawa anasema kesho. Ya mahakama, alisema, ameyaacha.

Barua mpya iliandikwa kwenye karatasi ya daftari. Ilisema mfereji umeziba tangu lini, maji yameingia mara ngapi, na vifuniko saba vimeondolewa. Ilisema msimamizi ameomba wafanyakazi, na ikauliza watapatikana lini. Majirani ambao maji yaliwaingilia nao walitia saini. Ikaenda halmashauri tu, si kwingine.

Baada ya wiki mbili walikuja watu sita na makoleo. Vifuniko vikarudi. Mvua iliyofuata ilipita mbele ya kibanda na kwenda zake, na fundi akashona miguu ikiwa chini.

Siku hiyo Bwana Kesho alileta shati likazwe vifungo. Lilipokwisha, fundi akavuta karatasi ya kaki. Bwana Kesho akaishika, akaigeuza upande huu, akaigeuza upande ule, mpaka akaridhika kwamba haina neno.

"Haya," alisema, "funga."