Nelida Aliyechezesha Midomo

Kila asubuhi, kabla jua halijafika kwenye madirisha, darasa la Mwalimu Zenobio liliimba vitenzi. Baridi ya Sicuani, mji wa nyanda za juu za Peru, haina huruma na darasa halikuwa na jiko, hivyo mwalimu alisema kuimba kunapasha mwili moto. Alianzisha "kuleta, wakati uliopita," na watoto wakapokea kwa sauti moja: traje, trajiste, trajo. Kisha kusema: dije, dijiste, dijo. Kisha kuendesha, kisha kutafsiri, ukoo mzima wa vitenzi vya Kihispania vilivyokataa kufuata kanuni.

Nelida alikaa katikati ya wenye sauti kubwa. Wenzake walipofungua midomo naye aliufungua wake, walipofunga akafunga. Hakuna sauti iliyotoka. Nyumbani kwao walizungumza Kikechua, lugha ya milimani, tangu kuamka hadi kulala. Walipohama kutoka milimani, mama yake akaanza kuuza supu sokoni, na Nelida akakuta wenzake wanavijua vitenzi hivyo kama majina ya ndugu zao. Siku ya kwanza aliona aibu kuuliza. Siku ya pili aliona aibu kwamba hakuuliza jana yake. Mwaka ukaisha hivyo.

Ijumaa moja mwalimu alifuta ubao na kusema, "Jumatatu hakuna kuimba. Kila mtu atasimama peke yake mbele yangu. Asiyeujua ukoo huu wa vitenzi atarudia darasa."

Nelida alikuwa ameshawahi kurudia, kule milimani. Mama alikuwa ameshamwambia, kwa sauti ileile anayotumia kuita wateja, "Ukirudia tena, mjomba wako Fortunato anakuchukua ukachunge alpaka wake." Lori la mjomba lilishuka mjini kila Jumanne. Kule kwake hakukuwa na shule, wala mtoto wa kucheza naye. Kulikuwa na upepo na mifugo tu.

Jumamosi alijifungia chumbani na kitabu. Kila alipokamata neno moja, jingine lilimponyoka. Jioni alijiona tayari yuko juu ya lile lori, amekaa kwenye magunia, anautazama mji ukipotea nyuma yake.

Jumapili asubuhi hakuamka. "Naumwa, mama," alisema. "Nina homa. Hata kesho sitaweza kwenda shule."

Mama yake, Eulogia, alipitisha mkono kwapani mwa binti yake. Kulikuwa na moto kweli. Akatia vidole ndani zaidi, akatoka na kiazi kilichochemshwa.

"Homa yako ina maganda," alisema.

Nelida akaangua kilio. Maneno yote yakatoka kwa mkupuo. "Sijui hata kitenzi kimoja, mama. Wenzangu wakiimba mimi nachezesha midomo tu."

"Tangu lini?"

"Tangu tuje."

Mama aliketi kitandani. Hakufoka, na hilo lilimtisha Nelida zaidi. "Unamkumbuka Hilario wa kule kwetu? Tunapolima kwa zamu, leo shamba langu kesho lako, watu wanapanga mstari na majembe ya mguu, wanaimba, wanayakanyaga pamoja yazame udongoni. Hilario aliinua jembe vizuri kuliko wote. Kwa kuimba, alituzidi sote. Ila mguu wake haukukanyaga. Tulimjua lini?"

"Viazi vilipokataa kuota."

"Kwenye mstari wake tu. Haya, inuka. Nenda kamwombe Rosmery akufundishe."

"Atanicheka. Halafu sina cha kumrudishia." Kwao mtu akikusaidia kazi, unamrudishia kazi ya namna ileile, na Rosmery, aliyekaa ubavuni mwake darasani, binti wa muuza mikate aliyetazamana na mama sokoni, hakuwa na shamba la viazi.

"Acheke. Akimaliza kucheka atakufundisha."

Sokoni, Rosmery alicheka kweli. "Shoga, kumbe ile sauti nzuri niliyokuwa naisikia ubavuni mwangu ilikuwa yangu mwenyewe?" Alipoona macho ya Nelida yamevimba, akaacha. Akamtupia jicho bibi yake aliyekuwa akipanga mikate, kisha akateremsha sauti. "Nitakufundisha, ila utanirudishia. Bibi anajua Kikechua tu. Tangu babu afariki anaongea na mimi kila jioni, na mimi natikisa kichwa. Naitikia hata nisichokielewa. Kwa hiyo usijione uko peke yako."

Wakaketi nyuma ya sufuria la supu la mama, kila mmoja na kisu chake, wakamenya viazi na kubadilishana maneno.

"Usivishike kimoja kimoja," Rosmery alisema. "Hawa ni ndugu. Wakiingia wakati uliopita, wote wanasafisha koo." Akaitoa ile j kooni kama babu mwenye kikohozi: traje, dije, conduje, traduje.

Nelida alirudia, akakosea. Akarudia, akakosea tena. Saa sita akatupa kisu, akalia. "Siwezi. Bora niende tu kwa mjomba."

"Lia huku unamenya," mama alisema bila kugeuka. "Wateja wana njaa."

Akaokota kisu. Kila Rosmery alipompa kitenzi, naye alimpa swali la Kikechua: umelala vipi, bibi? Miguu inauma? Rosmery naye akakosea mpaka wauza nyama wakashika mbavu.

Jumatatu Nelida alisimama mbele ya mwalimu. Kuleta kulitoka vizuri. Kwenye kusema, alitamka "dijieron," na darasa likacheka chini chini. Zamani angenyamaza. "Nimekosea, mwalimu," alisema. "Dijeron." Akaendelea hadi mwisho, kisha akaongeza, "Na mwaka huu wote sikuwa naimba. Nilikuwa nachezesha midomo."

Mwalimu Zenobio aliandika alama daftarini. "Umefaulu kwa shida, lakini umefaulu kwa sauti yako. Kuanzia kesho nataka niisikie."

Jumanne lori la mjomba lilisimama kando ya soko. Mjomba Fortunato akanywa supu, akauliza mfuko wa nguo za mtoto uko wapi.

"Tafuta mchungaji kwingine," mama alimjibu, akamwongezea kiazi kwenye bakuli. Kisha akamgeukia Nelida. "Na wewe unisikilize. Vitenzi vimekuchukua Jumapili moja. Kuficha kwamba huvijui kumekuchukua mwaka mzima, na machozi yote hayo. Kutojua si kosa. Siku nyingine usipojua, sema siku hiyohiyo, usingoje hadi lori lifike."

Ng'ambo ya njia Rosmery alikuwa amemwinamia bibi yake, anamuuliza jambo kwa Kikechua, taratibu, neno kwa neno. Bibi akabaki ameshika mkate hewani. Kisha akaanza kujibu, na alikuwa na mengi. Aliongea, akaongea, mpaka Rosmery akageuka na kumtazama Nelida kwa macho ya kuomba msaada, kichwa kikitaka kutikisika.

"Usitikise," Nelida akamwambia. "Mwambie hujaelewa."